Mzimu asiye na uso: uchambuzi wa kisa cha riwaya moja ya majira ya baridi

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha mswada wa riwaya niliouhariri tangu rasimu ya pili hadi ulipokwenda mtamboni. Mwandishi ameusoma uchambuzi huu na ameridhia usomwe na wengine. Majina ya wahusika nimeyabadilisha, jina la riwaya na la mchapishaji sikuyataja, na mambo kadhaa ya familia nimeyageuza ili asitambulike mtu. Nilichokiacha kama kilivyo ni mahali: Pemba, na visiwa vya Lofoten kaskazini mwa Norwei. Bila bahari hizo mbili kisa hakieleweki.

Nawaandikia wenzangu wanaotunga au kuhariri hadithi za mizimu kwa Kiswahili. Miswada ya aina hii inayonifikia hukwama pahala pamoja. Mzimu anatisha vizuri kurasa za mwanzo, halafu anakosa kazi ya kufanya, na mwandishi anaanza kumwongezea meno.

Usuli

Mwandishi ni Mpemba anayeishi Norwei. Ndugu yake alizama baharini nyumbani na maiti haikupatikana. Wakati ule kibali chake cha kukaa kilikuwa bado kinashughulikiwa; angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Matanga aliyasikiliza kwa simu iliyowekwa mkekani katikati ya akina mama.

Watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa msiba wa namna hii. Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit ilipozama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, zilibaki nyumba nyingi zilizosoma hitima bila kuwa na kaburi la kuzuru. Msiba wa mwandishi ulikuwa mwingine, wa chombo kidogo ambacho hakikutangazwa popote, lakini nyumbani kwao palikuwa na pengo lilelile.

Alianza kuandika baridi iliyofuata. Ulaya ya kaskazini ina mazoea ya zamani ya kusimulia habari za wafu wakati usiku ni mrefu, hasa Krismasi. Wanorwei wa kale waliamini kuwa usiku huo wafu hurudi majumbani. Chakula kiliachwa mezani, na walio hai wakalala chini kwenye majani makavu ili vitanda wawaachie wageni hao. Hadi leo, tarehe 24 Desemba, familia huenda makaburini kuwasha mishumaa kwenye theluji. Mwandishi alikuwa akiwatazama majirani zake wakipanda kwenda kanisani na mishumaa yao mfukoni, na yeye hana kaburi la kwendea, si huko wala Pemba.

Pwani ile ina mzimu wake mahsusi, anayeitwa draug. Ni mtu aliyezama asizikwe katika ardhi ya kanisa. Hupiga makasia nusu ya mashua, amevaa nguo za ngozi za wavuvi wa zamani, na mara nyingi mahali pa kichwa pana bonge la mwani. Anayesikia ukelele wake hujua kuna kifo karibu. Mchoraji Theodor Kittelsen ndiye aliyempa sura ambayo Wanorwei wengi wanaijua.

Kuna ngano moja ambayo riwaya nzima imeegemea. Usiku wa Krismasi kijana anatumwa banda la mashua kuchukua pombe. Anamkuta draug ameketi juu ya pipa, amempa mgongo, anatazama bahari. Kijana keshalewa kidogo, anampiga teke. Draug anapiga ukelele, na wenzake wanatoka majini. Kijana anakimbia, anaruka ukuta wa makaburi, anawaita waliolala humo wamwokoe. Usiku kucha wafu wa nchi kavu wanapigana na wafu wa baharini. Kunakucha, na makaburi yametapakaa mbao za majeneza na mwani.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama kwenye jambo moja: ngano inawagawa wafu kwa namna walivyozikwa, wala haiulizi nani alikuwa mwema na nani mbaya.

Kwetu nako kuna chunusi anayevuta watu chini ya maji, kuna majini ya bahari, na bara kuna imani ya msukule, kwamba aliyelazwa kaburini siye, mwenyewe yuko mahali amefichwa anatumikishwa. Zote hizo humpa mfiwa kitu kimoja, sababu ya kusema bado.

Rasimu niliyopokea

Mwanaidi anafanya kazi katika kiwanda cha samaki Lofoten. Mdogo wake, Faki, amezama Pemba. Desemba inapoingia, Mwanaidi anaanza kusikia makasia usiku. Mzee wa kijiji anamkalisha na kumweleza habari za draug, sura nzima, tangu asili yake hadi tofauti zake kijiji kwa kijiji. Baadaye inadhihirika kuwa anayepiga makasia ni jini lililomfuata kutoka Pemba. Mganga anapigiwa simu ya video. Ubani unachomwa jikoni, kengele ya moshi inalia, jini linakubali kuondoka, Mwanaidi analia, theluji inaanza kuyeyuka.

Kengele ya moshi ilinichekesha, na ndipo nilipojua tatizo lilipo. Ilikuwa sentensi pekee yenye uhai katika sura ile.

Lakini katikati ya mswada palikuwa na kurasa mbili ambazo mwandishi mwenyewe alizipita haraka. Mke wa Faki anampigia simu Mwanaidi. Wanajuliana hali. Kisha anauliza: "Wifi, eda yangu ianze lini?" Mwanaidi anajibu kuwa mtandao ni mbaya, hamsikii vizuri, anakata. Baada ya hapo wifi hatajwi tena hadi mwisho wa kitabu.

Uamuzi wa kwanza: wifi arudi

Nilimwandikia mwandishi barua fupi. Mambo mengine yote niliyaweka kando, nikamwuliza nini kinampata yule mwanamke baada ya simu kukatwa.

Tuliketi na swali hilo kwa muda. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu kifo. Aliyepotea baharini hana tarehe. Lazima watu wake wakubali kuwa amekufa, na wakishindwana, Kadhi atamke. Hadi hapo mkewe si mke wala si mjane. Hawezi kukaa eda, hawezi kuimaliza, hawezi kuolewa, urithi haugawiwi, hata swala ya ghaibu, anayoswaliwa maiti asiyekuwepo, inangoja. Katika familia ya riwaya, Mwanaidi ndiye mkubwa, na ndiye anayetuma fedha. Wazee wanamngoja aseme neno. Yeye anasema tungoje kidogo, kwa sababu usiku wa jana amesikia makasia.

Kutoka hapo riwaya ilipata uti wake wa mgongo. Kila usiku Mwanaidi anapojifariji kwamba Faki yuko karibu, kuna mwanamke Pemba anayeongezewa siku nyingine ya kukaa bila jina. Mwandishi hakubadilisha hata sauti moja ya makasia, lakini sauti ileile iliyokuwa ya kutisha sasa ilikuwa na deni. Wifi alitoka kurasa mbili akawa na sura saba, nyingi za simu, na sauti yake ilibadilika kidogo kidogo. Anaanza kwa adabu na salamu ndefu. Katika simu ya mwisho hasalimii.

Uamuzi wa pili: jini liondoke, na uso pia

Hapa tulibishana. Mimi nilitaka draug peke yake, kwa sababu hadithi iko kwake. Mwandishi aliona ninamnyang'anya Pemba. Alisema bahari ni moja, aliyezama kwetu kwa nini asitokee kwao? Nikamwuliza atatokeaje kwa desturi ya watu wa huko, maana ngano zina sheria zake, na msomaji huzihisi zikivunjwa hata kama hazijui.

Aliyetutatulia ni msomaji wa kwanza, ustadhi mmoja anayependa sana riwaya, ambaye mwandishi alimpa mswada kwa hofu. Yeye hakukasirishwa na mizimu. Alichokataa ni kimoja: mwenye kufa maji ana daraja ya shahidi, sasa roho yake itangetange Lofoten kwa kosa gani? Lilikuwa pingamizi la dini, ila kwa mhariri lilikuwa pia pingamizi la muundo. Rasimu ilikuwa inadai kitu ambacho wasomaji wake wengi wangekikataa kabla ya kufika katikati.

Jibu lilikuwemo ndani ya ngano tangu mwanzo. Draug hana uso. Kichwani ana mwani tu. Basi riwaya haina haja ya kusema ni Faki. Mwanaidi ndiye anayesema, na anasema kwa sababu anahitaji iwe hivyo. Mzee wa kijiji anamwona draug yuleyule kuwa mvuvi wa kwao aliyepotea zamani. Mwanamke mwingine kijijini, ambaye mtoto wake alipotea, anapita banda lile kwa haraka bila kugeuka. Kila mmoja anaweka uso wa mtu wake. Jini, mganga na ubani vikatoka. Kengele ya moshi nayo ikatoka, kwa masikitiko yangu.

Uamuzi wa tatu: fundo

Mama yake Mwanaidi ni mkulima wa mwani, kama wanawake wengi wa Pemba. Mwandishi anaijua kazi hiyo mwilini mwake: kupigilia vigingi maji yakitoka, kufunga vipande vya mbegu kwenye kamba kwa taitai, yaani vijiuzi vya kufungia, kusubiri bamvua, kubeba magunia yaliyolowa. Katika rasimu ya tatu, Mwanaidi anaingia banda la mashua, anamsogelea aliyempa mgongo, na anaona kuwa mwani ule mnene wa kaskazini, wa rangi ya kahawia na usiofanana na wa nyumbani hata kidogo, umefungwa kwa taitai. Fundo la mama.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote katika mswada, nayo ilitishia kubomoa uamuzi wa pili. Fundo lile likiwepo, ni Faki, hakuna mjadala. Njia tuliyoipata ilikuwa ya kutayarisha mapema. Katika sura ya pili Mwanaidi yuko kiwandani, na mvuvi mmoja wa huko anafunga kamba ya wavu wake. Mwanaidi anamtazama vidole, anagundua kuwa ni fundo lilelile, na anacheka peke yake. Msomaji analisahau. Anapofika bandani, anayetaka kuamini anaamini, na mwenye kumbukumbu anabaki na shaka. Mwandishi alikubali kuiandika sura ya pili upya kwa sababu hiyo tu, na nadhani ndiyo kazi bora aliyoifanya.

Uamuzi wa nne: baridi iwe ya kweli

Rasimu ilikuwa na theluji nyingi mno na bahari iliyoganda. Bahari ya Lofoten haigandi. Ingawa visiwa viko juu ya mzunguko wa Aktiki, mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hufanya baridi yake iwe ya upepo, mvua na theluji inayoyeyuka na kuganda tena. Kinachomwelemea mgeni ni giza. Tangu mapema Desemba hadi siku za mwanzo za Januari jua halichomozi; adhuhuri huja mwanga wa buluu kwa saa chache, kisha usiku unarudi. Mwislamu wa huko huuliza adhuhuri ni ipi, na baadhi hufuata saa za Makka. Mwanaidi anaswali kwa saa za Pemba. Anasema ndizo saa ambazo mama yake yuko macho.

Mwandishi aliishi katika giza hilo, lakini alipoandika aliandika baridi ya kadi za Krismasi. Naliona mara kwa mara: mtu anaishi mahali miaka na miaka, akishika kalamu anaandika alichokiona kwenye filamu. Tulikata aya za uweupe karibu zote. Mahali pake tuliweka kalenda ya kazi. Januari samaki wanaoitwa skrei huja kutoka Bahari ya Barents kutaga, na uvuvi mkubwa huendelea hadi Aprili. Watoto hukata ndimi za samaki kwa malipo. Samaki hufungwa wawili wawili mikiani na kuanikwa kwenye vichanja vya miti, bila chumvi, mpaka wawe ng'onda. Vichwa huanikwa pia, na vingi huuzwa Nigeria. Wakati huohuo Pemba ni kaskazi, joto limepamba moto, na mama kwenye simu anajipepea kwa kifuniko cha ndoo.

Faida yake ilikuwa kubwa kuliko usahihi wa jiografia. Msiba wa Mwanaidi ulipata mahali pa kukaa. Anapita kila siku chini ya maelfu ya vichwa vilivyotundikwa, vinywa wazi, na hakuna anayeviogopa.

Mambo mawili yaliyotokea njiani

Katikati ya rasimu ya tatu mwandishi alinyamaza. Ilikuwa karibu na mwaka wa msiba wake. Mchapishaji alitaka tarehe. Nilimwomba mchapishaji asitoe tarehe yoyote, na hakupenda. Mwandishi aliporudi alikuja na sura ya mishumaa makaburini, ambayo hatukuwa tumeipanga. Mwanaidi ananunua mshumaa kama wengine, anapanda nao kilimani, anazunguka makaburi yote, anarudi nao nyumbani na kuuweka kabatini pamoja na sukari. Sikuigusa hata nukta.

La pili lilikuwa gumu. Mswada ukiwa unapangwa kurasa, wifi wa kweli, mjane wa ndugu yake mwandishi, aliupata kwa mtu mwingine wa familia. Alijitambua. Hakuchukia kuandikwa, alichukia sura moja ambayo wifi wa riwaya anakataa kufua shuka la mumewe. Alisema hilo alilimwambia mtu mmoja tu duniani. Mwandishi aliiondoa siku hiyohiyo. Kurasa zilipangwa upya, mchapishaji alidai gharama, na mazungumzo kati ya wanawake wale wawili yalikatika kwa muda.

Matokeo

Mchapishaji wa kwanza alikuwa amekwisha kuukataa mswada tangu rasimu ya pili kwa hoja kwamba riwaya ya mizimu haiwezi kuingia shuleni, na kwa hali ya soko letu la vitabu hoja hiyo haidharauliki. Wa pili aliuchukua kwa masharti: upunguzwe, na maelezo ya draug yabaki, kwa kuwa msomaji wa hapa hamjui. Kitabu kilitoka kwa nakala chache na kinauzwa polepole, zaidi kwa mkono kuliko madukani.

Mwisho wa riwaya Mwanaidi anakwenda bandani, anaketi kando ya aliyempa mgongo, hamgusi. Kunapopambazuka anampigia wifi na kumwambia, "Anza leo." Hitima inasomwa Pemba, swala ya ghaibu inaswaliwa. Usiku ule Mwanaidi anasikia makasia kama kawaida. Barua nyingi za wasomaji ni za kulalamikia hapo: kwa nini mzimu haondoki? Ustadhi wetu alisema hapo ndipo alipokipenda kitabu, kwa sababu hakuna aliyefukuzwa.

Uchambuzi

Kilichoibeba riwaya ni wifi. Ngano ilikuwapo tangu rasimu ya kwanza, huzuni ilikuwapo, giza lilikuwapo, na bado mswada ulikuwa umelala. Uliamka pale mtu aliye hai alipoanza kulipia kuwapo kwa mzimu. Sidhani kama ningeliona hili mapema kama mwandishi asingekuwa ameacha zile kurasa mbili; alizipita haraka kwa sababu zilimuuma, na mahali panapopitwa haraka katika mswada wa msiba mimi hurudi kupasoma tena.

Kuchukua mzimu wa pwani ile pamoja na sheria zake kulisaidia pia. Draug alileta kanuni ya maziko ambayo Mzanzibari anaielewa bila mkalimani. Jini lingehitaji sababu ya kusafiri na sababu ya kuondoka, na tungejikuta tunaandika habari za mganga. Kutokuwa na uso kuliokoa mambo mengi kwa pamoja: dini ya wasomaji, uhuru wa wanakijiji wa Lofoten kuwa na wafu wao, na fundo la taitai. Ni nadra uamuzi mmoja kulipa namna hiyo.

Mwisho nauunga mkono, pamoja na malalamiko. Makasia hayakuwa yakimzuia wifi. Aliyekuwa akimzuia ni Mwanaidi. Yangenyamaza baada ya neno lake, tungekuwa tumempa mzimu lawama isiyo yake.

Kilichokwama ni vitu vya aina mbili. Cha kwanza ni cha utaratibu. Mswada ulisomwa na ustadhi, ukasomwa na rafiki wa mwandishi aliyewahi kufanya kazi ya samaki Lofoten, na hakuna aliyefikiria kumsomesha mfiwa mwingine wa msiba uleule kabla haujafika kwa mpangaji kurasa. Ruhusa ya mwandishi ilichukuliwa kuwa ruhusa ya nyumba nzima. Sura ya shuka ilikuwa nzuri. Ingeondoka tu hata kama wifi wa kweli angeulizwa mapema, ila ingeondoka bila watu kununiana.

Cha pili ni mzee wa kijiji. Sura yake ilipunguzwa lakini ipo, na ni pale wasomaji wengi wanaposema walikiweka kitabu chini. Hoja ya mchapishaji kwamba msomaji hamjui draug haikuwa na nguvu. Ngano ya banda la mashua inasimuliwa yote baadaye, kwa kisu mkononi, kati ya watu wawili wanaopasua samaki, na inatosha. Maelezo yanayotangulia yanamfanya mzimu awe somo kabla hajawa sauti. Sura za katikati ya Desemba nazo zinafanana mno. Tulikata theluji, tukasahau kuwa giza likirudiwa sana nalo huwa pambo.

Katika nakala yake mwenyewe mwandishi ameifuta sura ya mzee kwa kalamu nyekundu na kuunganisha kingo zake kwa sentensi tatu mpya. Nimezisoma, zinafanya kazi. Amemwomba mchapishaji nafasi ya kuziingiza likija toleo la pili, na mchapishaji amesema kwanza nakala zilizopo ziishe.